Nyumba Iliyozimika Angani

Tarehe 4 Oktoba, 1957, Warusi walirusha angani tufe la madini lenye uzito wa kilo 83 na zaidi kidogo, lililoitwa Sputnik, likaizunguka dunia likitoa mlio uliosikika redioni katika nchi nyingi. Tarehe 12 Aprili, 1961, Yuri Gagarin alikwenda mwenyewe, akaizunguka dunia mara moja na kurudi salama katika safari ya dakika 108. Hayo yanajulikana na wengi. Yasiyojulikana sana ni ya kazi iliyofuata, ambayo haikupigiwa vigelegele vingi, nayo ni kujenga nyumba huko juu na kuitunza.

Nyumba ya kwanza iliitwa Salyut 1, nayo ilirushwa tarehe 19 Aprili, 1971. Yafaa msomaji aifikirie kama pipa refu la chuma, lenye uzito wa tani 18 hivi, ambalo hupelekwa juu likiwa tupu. Wakaaji wake hufuata nyuma katika chombo kidogo kiitwacho Soyuz, na chombo hicho hujiunga na nyumba kichwa kwa kichwa ili watu wapite ndani. Nyumba hiyo haikai mahali pamoja, bali huzunguka dunia kwa mwendo wa maili 17,000 na zaidi kwa saa. Hewa, joto, taa na redio, vyote vyategemea umeme, na umeme hutoka katika mabamba mapana yaliyo nje, ambayo hupokea mwangaza wa jua. Usiku, dunia inapolikinga jua, betri hutumika.

Wakaaji wa kwanza walikuwa Georgy Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev. Walikaa zaidi ya wiki tatu, wakaanza kurudi usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni, 1971. Chombo chao kilishuka polepole kwa mwavuli wake katika nyika za Kazakhstan, kama ilivyotakiwa. Waliokwenda kuwapokea walibisha ubavuni, wasijibiwe. Walipofungua mlango waliwakuta wote watatu wameketi vitini mwao, wamekufa. Sehemu za chombo zilipoachana huko juu, kiasi cha maili 100 kutoka ardhini, kilango kidogo cha hewa kilifunguka kabla ya wakati wake, na hewa yote ikatoka. Hawakuwa wamevaa mavazi ya kuwakinga, kwa sababu chumba kilikuwa chembamba, hakikuwatosha watu watatu pamoja na mavazi hayo. Tangu hapo Soyuz ilichukua watu wawili tu, nao wakivaa, hadi ilipopatikana Soyuz mpya ya kuwachukua watatu, mwaka 1980.

SALYUT 7 YANYAMAZA

Nyumba nyingine zilifuata, nayo Salyut 7 ilirushwa mwezi wa Aprili, 1982. Mwezi wa Februari, 1985, wakati hamna mtu ndani yake, ilinyamaza kabisa. Haikujibu redio wala haikutii amri yoyote kutoka ardhini. Wakubwa wa kazi hiyo wangeweza kuiacha, lakini nyumba isiyoongozwa huteremka kidogo kidogo mpaka ianguke, na hakuna awezaye kusema itaangukia wapi. Basi waliamua kupeleka mafundi.

Waliochaguliwa walikuwa wawili: Vladimir Dzhanibekov, rubani aliyekwisha kwenda angani mara nne, na Viktor Savinykh, mhandisi. Waliondoka tarehe 6 Juni, 1985. Kwa kawaida nyumba hutoa ishara na kukigeukia chombo kinachokuja, mfano wa mwenyeji anayetoka na taa kumlaki mgeni. Safari hii mwenyeji alikuwa amezimia. Rubani alilazimika kuikaribia kwa macho yake, akichungulia dirishani, huku mwenzake akipima umbali kwa kifaa cha mkononi. Walipoisogelea waliona mabamba ya jua yameelekea pande mbalimbali, wakatambua kwamba ndani hamna umeme hata kidogo. Hata hivyo, tarehe 8 Juni, Dzhanibekov aliunganisha chombo chake na nyumba ile. Kazi kama hiyo, juu ya kitu cha tani nyingi kisichojiongoza, haikuwa imepata kufanywa kabla yake.

Ndani kulikuwa na giza na baridi kali. Kuta zilishika barafu, na maji yalikuwa yameganda. Mafundi walivaa kofia za sufu na nguo nzito, wakafanya kazi kwa tochi. Adui mwingine hakuonekana kwa macho. Duniani hewa ya moto hupanda, na hewa safi ikachukua mahali pake. Lakini huko juu, ambako vitu havina uzito, hewa atoayo mtu hubaki palepale usoni pake isipopulizwa na feni, naye huumwa kichwa na kulegea. Feni zilikuwa zimekufa. Kwa hiyo mmoja alifanya kazi na mwenziwe akamwangalia, asije akazimia peke yake.

Maji waliyochukua yalikuwa ya siku chache tu. Kama wasingeyeyusha yale ya nyumbani, wangelazimika kurudi na kuiacha. Walipima betri moja moja, wakazitenga zilizoharibika, na zile zilizosalia wakaziunganisha kwa nyaya na mabamba ya jua moja kwa moja. Kisha walitumia mitambo ya Soyuz kuigeuza nyumba nzima ilielekee jua. Betri zikaanza kujaa, na taa zikawaka. Barafu ilipoyeyuka ikaleta taabu nyingine, maana maji yalitapakaa juu ya mitambo ya umeme, wakawa wakiyapangusa kwa vitambaa.

Chanzo cha yote kilipotafutwa, kilionekana kuwa kipimo kimoja kibovu. Kazi yake ilikuwa kuonyesha betri zimejaa ili umeme wa jua ukatwe, zisiharibike. Kilionyesha kila mara kwamba zimejaa, hata zilipokuwa tupu, nao umeme ukakatwa kila mara, kama tangi la maji ambalo bomba lake hufungwa na kipimo kisemacho uongo. Na kwa kuwa redio nayo ilikuwa imeharibika, hakuna aliyeweza kuligundua jambo hilo akiwa ardhini.

Dzhanibekov alirudi mwezi wa Septemba, na Savinykh mwezi wa Novemba. Mwaka 1986 Leonid Kizim na Vladimir Solovyov walitoka katika nyumba mpya, iliyoitwa Mir, wakaenda hadi Salyut 7, wakarejea Mir wakiwa na baadhi ya vyombo vyake. Hakuna aliyekaa tena ndani ya Salyut 7. Ilianguka tarehe 7 Februari, 1991, na vipande vyake vikatawanyika juu ya Argentina, pasipo kumdhuru mtu.