Mdogo wangu, Kasongo nayo ni somo

Mdogo wangu wa Kabambare, umeniandikia kwamba uko mwaka wa kwanza na sasa unakaa viti vya nyuma, kwa sababu siku uliyouliza swali kwa Kifaransa wenzako walicheka. Unasema hakuna silabasi hata moja inayotaja mambo ya kwenu. Unafikiri uache masomo, uwafuate ndugu zako kwenye dhahabu ya Salamabila. Wengi wana dukuduku hilo hilo, basi jibu hili ni lenu nyote, wa Kabambare na wa Kasongo, huku kwetu Maniema.

Kujiona mgeni shuleni hakukuanza nawe. Mwaka 1906 serikali ya Leopold II, mfalme wa Wabelgiji aliyeitawala Kongo, ilifanya mapatano na Vatikani, na shule zikawa mikononi mwa wamisionari. Waislamu wa Kasongo walikuwa na vyuo vyao vya Kurani, na wapo walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Waliogopa kwamba mtoto akiingia shule ya misheni atatoka amebatizwa, na wengi wakawazuia watoto wao. Shule za serikali zisizo za dini zilianza kuwafungukia watoto wa Kikongo katikati ya miaka ya 1950 tu. Lovanium, iliyofungua milango mwaka 1954 huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, ilikuwa ya Kikatoliki. Kwa hiyo kama wewe ndiye wa kwanza katika ukoo wenu kufika chuo kikuu, usidhani wazee wako hawakupenda elimu. Masharti ya kuipata ndiyo yaliyowashinda.

Sasa nikwambie jambo ambalo pengine hujaelezwa darasani. Katika miaka ya 1970, madaktari wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi Kasongo pamoja na wauguzi wa Kikongo. Walijenga utaratibu wa vituo vya afya vilivyo karibu na watu, kila kituo na wananchi wake, na mgonjwa aliyezidiwa akitumwa hospitali. Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wao juu ya chanjo ya surua na watoto wa Kasongo wa miezi 7 hadi 35. Waliuliza swali zito: je, chanjo inaokoa maisha ya mtoto, au inaahirisha tu kifo cha yule aliye dhaifu? Wataalamu walibishana sana juu ya swali hilo. Watoto wenyewe walikuwa wa kwetu. Ikiwa ulimwengu ulijifunza kutoka Kasongo, mwanafunzi wa uuguzi wa Kasongo ana haki ya kuikuta Kasongo ndani ya kozi yake. Usipoikuta, iulizie. Ukisoma kilimo, muulize mwalimu: na mpunga wetu wa mlimani, ule ulioletwa na waungwana kutoka pwani, hali yake ikoje? Ukisoma jiolojia, taja dhahabu ya Namoya. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Kuhusu Kifaransa sitakudanganya. Mtihani uko kwa Kifaransa na diploma pia, kwa hiyo usikikimbie. Lakini usijilazimishe kuelewa jambo gumu kwa lugha ambayo bado inakusumbua. Tafuta wenzako watatu au wanne. Jioni, kila mmoja aeleze somo la siku kwa Kiswahili chetu mpaka wote waridhike, kisha muandike pamoja maelezo hayo kwa Kifaransa, myasome kwa sauti, mrekebishane bila kuchekana. Kiswahili hakimpunguzii mtu usomi. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam watu wanaandika tasnifu za udaktari kwa Kiswahili. Katiba ya Kongo yetu ya 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 inazikubali lugha hizo kuwa njia ya kufundishia.

Kwa ninyi mnaokaribia kuandika kazi ya mwisho, nawaomba sana msinunue kazi iliyokwisha kuandikwa na wengine. Andikeni juu ya kwenu. Chukueni mfano wa historia. Enzi ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, tunaisoma kupitia maneno yake mwenyewe, yaliyochapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903, na kupitia maofisa wa Leopold waliouteka mji wa Kasongo mwaka 1893. Wabangubangu, ambao watu wao walichukuliwa utumwani, wanaikumbukaje? Nenda kwa wazee na daftari. Andika maneno yao kwa Kibangubangu au Kiswahili kama walivyoyasema, tafsiri ya Kifaransa uiweke chini yake. Kabla ya kutetea kazi yako, rudi uwasomee ulichoandika, wakusahihishe.

Binti, hili ni lako peke yako: mwalimu akikutaka kimwili ili akupe pointi, kosa ni lake. Usiende kwake peke yako. Mwambie mtu mzima unayemwamini siku ile ile, na uweke ujumbe wake wote. Usiache masomo kwa ajili yake.

Nanyi kaka na dada zangu maasistanti, ninyi mliopita njia hii hii, siwaombi mbadilishe programu ya Kinshasa. Acheni dakika kumi mwishoni mwa kozi ili mwanafunzi aulize kwa Kiswahili, nanyi mjibu kwa mfano wa Kasongo au Kabambare. Anayemcheka mwenzake, mnyamazisheni hapo hapo, mbele ya wote.