Pikapu Yetu Imechoka: Je, Tuifunge Supachaja?

Leo tunazungumza juu ya gari.

Hivi majuzi niliitwa kwenye mkutano wa kikundi kimoja hapa Kalemng'orok. Kikundi hiki kina pikapu moja ya dizeli, ya zamani. Ndiyo hupeleka mbuzi sokoni, ndiyo huleta mahindi kutoka Katilu, na usiku mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, mlango unaobishwa ni wa dereva wa pikapu hiyo.

Siku hiyo kulikuwa na ubishi. Vijana walisema gari limechoka. Likienda Kitale na mzigo, likifika mlima wa Kamatira linapanda kwa gia ya kwanza, na magari mengine yanalipita yakipiga honi. Fundi mmoja wa mjini alikuwa amewaambia anaweza kulifunga supachaja iliyotolewa kwenye gari lingine. Vijana walikuwa tayari kupiga kura. Mweka hazina, mama mmoja asiyesema mengi, akauliza swali moja tu: "Hizo pesa si ndizo za akiba ya ukame?" Watu wakanyamaza.

Basi, hebu tulichunguze jambo hili pole pole, maana vikundi vingi vina gari la namna hiyo.

SUPACHAJA NI KITU GANI?

Mnajua jiko la makaa. Ukilipuliza, moto unakolea. Injini nayo ni hivyo hivyo. Inaunguza mafuta pamoja na hewa. Hewa ikiwa chache, hata ukiongeza dizeli hutapata nguvu, utapata moshi mweusi tu. Supachaja ni pampu ya hewa. Inazungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe, nayo inasukuma hewa nyingi ndani ya silinda.

Tabo ni ndugu yake. Kazi ni ile ile, lakini tabo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, moshi ambao ungepotea bure. Supachaja hula sehemu ya nguvu ya injini ili izunguke. Ndiyo sababu kwenye magari ya dizeli tunaona tabo mara nyingi, na supachaja mara chache sana. Swali la kwanza kwa fundi liwe hili: kwa nini supachaja na si tabo? Kama jibu ni "kwa sababu ndiyo niliyo nayo," hapo mmeshaelewa mambo.

Jambo hili si geni. Mjerumani Gottlieb Daimler aliandikisha wazo la kusukumia injini hewa mwaka 1885, na Mswisi Alfred Büchi akaandikisha lile la tabo mwaka 1905. Ni ufundi wa kweli, si uongo wa mjini.

VIJANA WANA HAKI YAO

Tusiwacheke vijana. Wameona jambo la kweli. Lodwar iko karibu mita 500 juu ya bahari, na Kitale iko karibu mita 1,900. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Injini isiyo na tabo wala supachaja hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Maana yake ni kwamba pikapu ikitoka huku kwetu kwenda Kitale, inapoteza kama sehemu moja kati ya saba, hata kama ni nzima kabisa. Supachaja iliyofungwa vizuri kwenye injini inayofaa ingerudisha nguvu hiyo na zaidi.

Lakini neno "inayofaa" ndilo zito.

NGUVU HUENDA KWENYE UFA

Turudi kwa lile jiko. Ukilipuliza sana, makaa yanaisha upesi, na sufuria yenye ufa inavuja zaidi. Injini inayosukumiwa hewa huunguza mafuta mengi zaidi, inatoa joto jingi zaidi, na ndani ya silinda mgandamizo unapanda. Mgandamizo huo unatafuta mahali palipo dhaifu: gasketi ya silinda hedi, pistoni, beringi. Ukivuka hapo unakuta klachi na gia boksi. Na sisi tunaishi mahali ambapo mchana joto hufika nyuzi 35 na kupita. Rejeta iliyochoka ambayo sasa inavumilia, haitavumilia tena.

Tazameni wenye kiwanda walivyofanya. Toyota ina injini ya Land Cruiser iitwayo 1HZ, ya lita 4.2, isiyo na tabo. Hiyo hubana hewa mara 22.4. Walipotengeneza nyingine ya ukubwa ule ule yenye tabo, iitwayo 1HD-T, hawakuchukua ya kwanza na kuifunga tabo tu. Waliibadilisha ndani, mbano ukashushwa hadi mara 18.6. Kama mwenye kuitengeneza aliona lazima aibadilishe ndani, sisi tutaifungaje juu juu na spana mbili chini ya mti?

Na kuna jambo jingine ambalo watu husahau. Supachaja haiongezi breki. Haiongezi springi, wala ekseli, wala chesisi, wala nguvu ya matairi. Uzito ambao gari liliandikiwa kubeba unabaki ule ule. Mkifunga kwa nia ya kubeba mbuzi wengi zaidi, mtapanda Kamatira vizuri, lakini kumbukeni kwamba mtateremka pia.

LAKINI KWA NINI?

Katika mafunzo yetu ya vikundi tumezoea kuuliza "Lakini kwa nini?" mpaka tufike kwenye mzizi. Tufanye hivyo na pikapu. Mwenye punda, akiona punda amegoma, kabla ya kuchukua fimbo hushusha mzigo na kuutazama mgongo. Huenda kuna kidonda.

Gari halina nguvu. Lakini kwa nini? Pimeni haya kwanza:

1. Chujio la hewa. Vumbi la huku mnalijua. Chujio likiziba, injini inakabwa koo. Hiki ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote.

2. Chujio la dizeli, nozeli na pampu. Dizeli ya kununua kwenye mitungi huja na maji na uchafu.

3. Rangi ya moshi. Mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa. Wa buluu: injini inakula oili. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto: kuna dizeli isiyoungua, au maji yanaingia ndani.

4. Mgandamizo wa kila silinda. Fundi wa kweli ana geji ya kupimia. Silinda zikiwa zimechoka, au moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, hadithi ya supachaja iishe hapo hapo.

5. Rejeta, feni na paipu za maji. Je, gari huchemsha likipanda? Kama linachemsha sasa, litapasuka kesho.

6. Klachi na breki. Klachi ikiteleza, injini inanguruma na gari haliendi. Breki ikishika isipotakiwa, mnasukuma ukuta siku nzima.

7. Mkanda wa ndani wa injini. Injini nyingi za dizeli za Toyota za zamani zinataka ubadilishwe kila kilomita 100,000. Ukikatika njiani, vali hugongana na pistoni, na hapo hakuna tena cha kuongezea nguvu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nguvu nyingi ambazo watu wanataka kununua ni nguvu zao wenyewe zilizopotea.

FANYENI HESABU YA MUDA NA YA PESA

Chukueni karatasi. Tuseme kupanda mlima sasa kunachukua dakika 40, na kwa supachaja kungechukua dakika 25. Mmeokoa dakika 15. Kama mnaenda Kitale mara mbili kwa mwezi, ni nusu saa kwa mwezi. Je, nusu saa hiyo inawaletea shilingi ngapi? Mbuzi hauzwi bei ya juu kwa sababu amefika dakika 15 mapema.

Upande wa pili andikeni yote, si bei ya kile chuma peke yake: kukifunga, kurekebisha pampu ya dizeli, rejeta kubwa, klachi, oili ya kubadilishwa mara kwa mara zaidi, na spea zake zitatoka wapi ikiharibika Lokichar siku ya Jumapili. Kisha andikeni siku ambazo gari litakuwa limelala gereji. Siku hizo nani atambeba mgonjwa?

Mkiamua kufunga, mwambieni mwenye bima kwa maandishi kabla, mpate jibu lake kwa maandishi pia. Bima isiyoambiwa kwamba gari limebadilishwa inaweza kukataa kulipa baada ya ajali. Tena gari la biashara hukaguliwa kila mwaka, na mkaguzi atafungua boneti.

YALIYONIPATA MIMI

Nawaambia haya kwa sababu niliwahi kukosa. Nikiwa mgeni katika kazi hii, mahali pengine, kikundi nilichokuwa nakishauri kiliamua kufunga tabo kwenye pikapu nzee. Katika mkutano ule sikuelewa tabo ni nini. Lakini nilikuwa nimetoka chuoni na diploma yangu, nikaona aibu kuuliza mbele ya watu. Nikatikisa kichwa kama anayejua, nikaweka sahihi.

Wiki za kwanza gari lilikwenda kama duma, na kila mtu akatusifu. Miezi michache baadaye likachemsha mlimani, silinda hedi ikapasuka. Pesa za kutengeneza hazikuwapo, maana zilikuwa zimefungwa kwenye lile tabo. Gari likauzwa kama vyuma. Wanachama wakalaumiana, wengine hawasalimiani mpaka leo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Fundi alikosea, ndiyo. Lakini kama mimi ningeuliza swali moja la kijinga, pengine wengine kumi waliokuwa wanaona aibu kama mimi wangeuliza pia.

KIKUNDI CHETU KILIFANYAJE?

Hapa Kalemng'orok, swali la yule mama liliokoa jambo. Kikundi kiliahirisha kura. Kilichagua watu watatu, dereva, kijana mmoja na mweka hazina, wapeleke gari likapimwe na fundi mwingine, si yule anayeuza supachaja. Chujio la hewa lilikuwa limejaa mchanga, nozeli mbili zimekwisha, na rejeta imeziba karibu nusu. Vilitengenezwa kwa pesa za mapato ya gari lenyewe. Akiba ya ukame haikuguswa.

Je, sasa pikapu inapita magari mengine Kamatira? Haipiti. Inapanda kwa gia ya pili, na dereva amekubali kupunguza mzigo. Vijana wawili bado hawajaridhika, nao wana haki ya kulileta jambo tena mwakani. Limeandikwa kwenye kitabu cha mkutano kwamba likija, lije na vipimo vya mgandamizo na hesabu kamili. Hivyo ndivyo kikundi kinavyokua: kijana hakunyamazishwa, na mama hakupuuzwa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Gari, mashine ya kusaga au pampu ya maji ya kikundi chetu ilipimwa lini mara ya mwisho? Nani ana maandishi?

2. Fundi anayetushauri ndiye pia anayetuuzia? Tutampata wapi wa pili?

3. Pesa tunazotaka kutumia zilikuwa zimewekwa kwa kazi gani? Nani ataumia zikiisha?

4. Katika mikutano yetu, ni nani huona aibu kuuliza? Tufanye nini ili aulize?

5. Kuna kitu gani kingine tunachotaka kukiongezea nguvu kabla ya kutazama mgongo wake?

Jadilianeni katika vikundi vidogo vya watu watano, kisha kila kikundi kitoe jibu moja mbele ya wote. Mkimaliza, nendeni pamoja mkafungue boneti. Anzeni na chujio la hewa.