Vitabu vya Safari na Habari za Nchi katika Somo la Jiografia

Mwalimu mwanafunzi aendaye kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Kisesa na vijiji vya jirani atakuta watoto wa darasa la tano wanaotaja bila kusita kwamba Ziwa Viktoria lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi. Akiwauliza kwa nini ziwa kubwa namna hiyo lina kina cha meta 80 tu, ilhali Ziwa Tanganyika lafikia meta 1,470, wengi watanyamaza. Tarakimu wanazo. Kwamba Tanganyika ni ufa wa ardhi uliojaa maji, na Viktoria ni sahani pana iliyolala kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, hilo hawajapata kusimuliwa.

Kitabu cha kiada huandikwa ili kukamilisha muhtasari, nacho hakina nafasi ya masimulizi. Kwa hiyo mwalimu hana budi kutafuta vitabu vya ziada vilivyoandikwa kwa msomaji wa kawaida: habari za safari, maelezo ya nchi na watu, hata riwaya iliyojengwa juu ya mahali halisi.

Hapa kwetu mfano wa kwanza ni maandishi ya John Hanning Speke, aliyetokea Tabora akafika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Ili kukadiria kimo cha nchi, wasafiri wa wakati ule walichemsha maji na kupima joto lake, kwa kuwa kadiri mtu apandavyo juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Ziwa letu liko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi, wala si 100. Sufuria, jiko na kipimajoto vyatosha kulifanya jambo hili mbele ya darasa. Sijaona zana nyingine inayounganisha jiografia na sayansi kwa gharama ndogo kama hiyo.

Hata hivyo yafaa tuwe waangalifu. Vitabu hivyo husema kwamba Speke "aligundua" ziwa. Wakerewe, Wasukuma na jamaa zao walikuwa wakilivua na kulivuka tangu zamani, nao wafanyabiashara wa Tabora ndio waliompasha habari zake. Tena alipodai kwamba hapo ndipo chanzo cha Nili, hakuwa amelizunguka. Burton alimpinga, na ni Stanley aliyelizunguka kwa mashua mwaka 1875, akianzia Kageye kwenye Ghuba ya Speke. Wanafunzi waulizwe: mwandishi aliona nini kwa macho yake, alisikia nini kwa wenyeji, na alikisia nini? Mtoto azoeaye maswali haya atasoma gazeti pia kwa akili.

Vitabu vya wageni pekee havitoshi. Salim bin Abakari alifanya safari ya Urusi na Siberia mwaka 1896, na habari zake zilichapwa kwa Kiswahili mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten, *Safari za Wasuaheli*. Kiswahili chake ni cha kale. Chagua ukurasa mmoja, eleza maneno magumu, kisha watoto wamfuate kwenye ramani kutoka mji hadi mji. Na Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Humo mna kilimo, uvuvi, uwindaji, na pombe ya ndizi ambayo Myombekere alitozwa na wakweze. Waulize: kwa nini migomba istawi Ukerewe, ilhali huko Kwimba hutawala nyasi na mtama? Jibu limo katika mvua, ambayo hupungua mtu aliachapo ziwa. Baada ya kusoma, darasa la Kisesa laweza kutembea hadi makumbusho ya Bujora kulinganisha vyombo vya Wasukuma na vile vilivyotajwa kitabuni.

Utaniambia kitabu ni kimoja na watoto ni themanini. Ni kweli, na ndiyo hali ya shule nyingi. Basi usikipitishe mikononi mpaka kichakae. Soma kwa sauti kwa dakika kumi, ukisitisha mahali penye hamu. Nakili aya moja ubaoni kwa zoezi la ufahamu. Kiongozi wa kila kikundi achore njia ya msafiri kwenye karatasi ya kaki. Atakayetaka kujua yaliyofuata aje kukiazima, na jina lake liandikwe daftarini.

Kitabu kilichopitwa na wakati nacho kina kazi yake, mradi kisomwe pamoja na ramani mpya. Vingi husema kwamba aendaye Sengerema kutoka Mwanza huvuka kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Tangu Juni 2025 lipo daraja la kilometa 3 hivi. Watoto wawahoji wazee na madereva: foleni ilikuwaje, samaki na mihogo vilicheleweshwaje, nani aliuza chakula kando ya kivuko na sasa auza wapi? Majibu yaandikwe kwa sentensi kamili, yasahihishwe, yashonwe pamoja na kuwekwa kwenye rafu ya darasa karibu na kile kitabu cha zamani.