Vitabu vya Sikukuu: Jinsi ya Kuvichagua na Kuvisoma Nyumbani

Sikukuu hutengenezwa mapema. Mchele hununuliwa, nguo za watoto hupelekwa kwa fundi, na mbuzi hutafutwa kabla bei haijapanda. Lakini kitabu cha kusoma katika siku zile za mapumziko ni nadra kutafutwa. Kwa hiyo mtoto aliyefunzwa kusoma hurudi shuleni hali hajafungua hata ukurasa mmoja, na mzee mwenye mengi ya kumweleza hakuulizwa neno. Somo letu la leo ni jinsi nyumba moja ya pwani yetu, toka Dar es Salaam hata Bagamoyo, Saadani na Pangani, iwezavyo kujiwekea orodha fupi ya vitabu vya sikukuu. Na kwa nini orodha hiyo isikose kitabu cha kwetu wenyewe.

Kwanza, hesabu jioni zako. Tuchukue mfano wa Krismasi. Toka tarehe 24 Desemba hata tarehe 4 Januari ni jioni 12. Toa jioni 4 za wageni, safari na uchovu, zabaki 8. Basi usiandike vitabu ishirini. Orodha ndefu ni kama chombo kilichopakiwa kupita kiasi, hakitoki bandarini. Vitabu vitatu vyatosha.

Wala jambo hili si la dini moja. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko ule mwingine kwa siku kama 11, na kwa sababu hiyo Idi huzunguka katika miezi yote. Mwaka 2000 Idi ya kufungua Ramadhani iliandama siku chache tu baada ya Krismasi. Katika mji wa Bagamoyo, ambako mapadre walijenga misheni yao mwaka 1868 kati ya Waislamu, yafaa vitabu vipite njia ile ile ipitayo sahani ya pilau, yaani toka mlango huu hata mlango wa jirani.

Pili, anza na chepesi. Jioni ya kwanza, watu wameshiba na watoto wana furaha, soma hekaya za Abunuwasi. Hapana asiyecheka, na mtoto asomaye polepole hapati haya, maana wasikilizaji wengi waijua hadithi na watamsaidia.

Jioni sita zifuatazo zipe kitabu chembamba cha Shaaban Robert, Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951. Ndani yake Karama ashitakiwa barazani kwa kutaka watu wafundishwe sheria, naye ajitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali kutafuta mema, nao waliporudi wakatiwa kifungoni. Kila mjumbe apewe jioni yake. Mwanzo wa kesi usomwe pamoja na mjumbe wa kwanza, na hukumu pamoja na wa mwisho. Kama nyumba ina vijana wengi, badala yake wasome Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapwa mwaka 1960, ambamo Bwana Msa wa Unguja atafuta siri ya mauaji. Katika kitabu hicho msomaji na afunge ukurasa pale jambo linapokaza. Kesho hapana atakayechelewa kuja.

Tatu, jioni ya mwisho iwe ya kitabu cha kwetu. Hapa twapaswa kumkumbuka Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda, Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki. Kazi yake kubwa ni Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903 katika mji wa Göttingen. Ndani yake mna habari za kuzaliwa na kulea mtoto, chuo, harusi, ngoma na utawala wa majumbe. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kidachi. Walipofunga safari kuja Afrika ya Mashariki, serikali ya Wadachi ilikataa wasishuke, wakarudishwa Ulaya. Mtoro akafa Berlin mwaka 1927.

Fikirini, ndugu zangu. Mtu huyu aliandika mambo ya mji wake kwa lugha ya mji wake, na waliotangulia kufaidika ni wanafunzi wa Ulaya. Mwenyewe alizuiliwa kurudi kwao. Kitabu chake hakizuiliwi na mtu illa uvivu wetu. Ikiwa nakala ni adimu, mwalimu aitafute katika maktaba kubwa au katika intaneti, anakili sura moja tu kwa mkono, na sura hiyo itatosha jioni nzima. Na atakaye mashairi atafute utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, uliochapwa mwaka 1955. Vita hivyo vya mwaka 1888 na 1889, vya Abushiri na Bwana Heri, vilipiganwa katika miji yetu hii hii.

Nne, someni kwa sauti. Mwenye nyumba achague msomaji, bibi na babu wawe waamuzi, wala asichekwe anayekosea. Baada ya sura ya Mtoro juu ya harusi, kijana amwulize bibi yake: Je, mambo haya yangali hivi? Lipi limeachwa, na kwa sababu gani? Majibu yaandikwe katika daftari pamoja na jina la mji na mwaka. Hivyo nyumba itakuwa imesoma kitabu kimoja na kuanza kingine.

Kwa habari ya gharama, nyumba tatu zishirikiane, kila moja inunue kitabu kimoja, wabadilishane. Jina la mwazimaji na siku ya kurudisha viandikwe, maana kitabu kilichoazimwa bila kuandikwa ni nadra kurudi.

Maswali kwa wanafunzi:
1. Hesabu jioni za sikukuu ijayo nyumbani kwenu. Utakazosoma ni ngapi?
2. Taja vitabu vitatu utakavyovisoma, toka chepesi hata kizito.
3. Ni desturi gani ya mji wenu ambayo haijaandikwa bado, na ni mzee gani utakayemwuliza kabla hajatutoka?