Bomba Halisomi Mkataba

Asubuhi nyingi, ukisimama Karatu mjini ukaangalia juu, kaskazini-magharibi, ukingo wa Ngorongoro huuoni. Umejifunika ukungu. Mtalii anayepanda kuelekea lango la Lodoare hununa kwa kukosa mandhari. Mwenye ndoo tupu hana sababu ya kununa, maana ule ukungu ndio mwanzo wa maji yake.

Tuchukue ndoo moja ya lita 20 tuifuate tangu msituni hadi chooni. Kila kituo tutauliza maswali mawili tu: hapa pana kazi gani, na nani aibebe? Tukiyajibu kwa subira, tutaelewa ubia wa serikali na sekta binafsi katika maji bila kufungua kitabu cha sheria.

Kituo cha kwanza ni mlimani. Upepo wenye unyevu ukitoka upande wa bahari na kukutana na nyanda za Ngorongoro hauna njia ila kupanda. Hewa ikipanda hutanuka, ikitanuka hupoa, na ikipoa mvuke wake hugeuka matone. Upepo huohuo ukishavuka na kuteremkia Olduvai umekwisha kukamuliwa, ndiyo maana kule ni kukavu. Msitu unaongeza kazi yake: majani hunasa ukungu ukadondoka, na mizizi hufungua udongo maji yakazama polepole badala ya kukimbia na matope. Baadaye hutokeza kama chemchemi kwenye miteremko, au hubaki chini kabisa yakisubiri kisima kirefu.

Lakini yakiwa chini hukutana na miamba ya volkeno, na baadhi ya miamba hiyo humumunyisha floridi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi sana kwa miaka mingi, meno ya watoto huota na madoa ya kahawia, na mifupa hudhurika. Mkoa wa Arusha unalijua tatizo hili vizuri. Basi mzigo wa kwanza, yaani mvua na miamba, hakuna mkandarasi anayeweza kuupunguza hata angelipwa nini. Ukimtwisha, ataongeza bei ya zabuni kwa ajili ya hofu yake, au atakimbia.

Kituo cha pili ni kuinua. Uniti moja ya maji kwenye bili ni lita 1,000, yaani ndoo 50, na uzito wake ni kilo 1,000. Tuseme kisima kinavuta maji kutoka kina cha mita 150. Nishati inayohitajika ni kilo hizo mara mvutano wa dunia mara kimo: 1,000 × 9.8 × 150, sawa na juli 1,470,000. Uniti moja ya umeme ni juli 3,600,000. Kwa hiyo tunahitaji uniti 0.4 za umeme. Ila pampu na mota yake hupoteza karibu nusu kwa joto na msuguano, hivyo tunafika 0.8. Kwa maneno mengine, uniti ya maji inakaribia kula uniti ya umeme, kabla hujamlipa fundi, hujanunua dawa ya kutibu maji wala hujabadilisha mita. Maji ya mvua hayana bei. Gharama inaanza kwenye kuyapandisha.

Kituo cha tatu ni bomba. Tenki likiwa mita 30 juu ya mtaa, maji ndani ya bomba husukuma kila upande kwa kanieneo ya safu ya mita 30. Toboa tundu la milimita 3, dogo kuliko punje ya mchele kwa urefu. Maji yatachomoka kwa kasi ya karibu mita 24 kwa sekunde, na kwa siku moja tundu hilo litamwaga takriban lita 9,000, yaani ndoo 450. Hakuna aliyezioga wala kuzinywa, lakini umeme wake umelipwa. Chukua mfano: uniti 100 zimepandishwa, 40 zimevuja au zimeibwa. Gharama ya 100 itabebwa na zile 60 zinazosomwa kwenye mita. Mzigo huu, tofauti na mvua, una mtu anayeweza kuupunguza: yule anayeshika spana. Huyo ndiye aubebe. Akilipwa sawasawa, bomba livuje lisivuje, hatatafuta tundu.

Kwa nini basi tusiache kampuni nyingi zishindane, kama mitandao ya simu? Kwa sababu ya mtaro. Sehemu kubwa ya gharama ya maji imezikwa ardhini kabla ya ndoo ya kwanza kujaa. Wakichimba wawili mtaa mmoja, gharama ya mabomba inakuwa maradufu huku wateja ni walewale. Karatu wanaijua hali ya kuwa na watoa huduma wawili: kwa miaka mingi mji ulihudumiwa na KAVIWASU, chombo cha wananchi wenyewe, na pia KARUWASA, mamlaka ya serikali, na mvutano kati yao haukuwa mdogo. Wengine waliuona kuwa siasa tupu. Ukitazama kwa jicho la fizikia na hesabu, ulikuwa na mizizi ya ndani zaidi: maji ya bomba kwa asili yake hutaka mtoa huduma mmoja kwa kila mtaa. Na mtoa huduma mmoja asiye na mshindani lazima awe na wa kumkagua bei na huduma. Kwetu kazi hiyo ni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji.

Ushindani unaobaki ni wa mlangoni, siku ya zabuni. Dar es Salaam ilijaribu. Agosti 2003 City Water, kampuni iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa nchini, ilianza mkataba wa miaka 10 wa kuendesha huduma na kukusanya bili, huku mabomba yakibaki mali ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Kampuni nyingine zilizokuwa zimepita mchujo hazikuleta zabuni. Mlangoni alisimama mmoja. Makusanyo hayakufikia yaliyotarajiwa, na Mei 2005 serikali ikavunja mkataba. Kesi ilifika kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Julai 2008 uamuzi ukatoka: Tanzania ilikuwa imekiuka baadhi ya wajibu wake, lakini haikutakiwa kulipa fidia hata senti. Mawakili walikuwa na mengi ya kusema. Mabomba yaliendelea kuvuja kwa kanieneo ileile, kwa sababu bomba halisomi mkataba.

Tanga walichagua njia nyingine. Mwaka 2024 mamlaka yao ya maji ilitoa sokoni hatifungani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5. Wawekezaji wakatoa fedha, uendeshaji ukabaki kwa mamlaka. Hapo funzo liko wazi: mwekezaji hatoi zawadi, analeta leo fedha ambayo bili za kesho zitamrudishia na ziada. Ni msaada wa kweli ikiwa fedha hiyo inaziba matundu na kufikisha maji kwa wateja wapya. Vinginevyo riba itapanda juu ya umeme uliokwisha kumwagika.

Kituo cha mwisho ni choo. Ndoo yetu haikupotea. Sehemu kubwa yake imegeuka majitaka. Shimoni vitu vizito hutuama, maji hupenya pembeni, na udongo huchuja vimelea ikiwa upo wa kutosha kati ya shimo na maji ya ardhini. Tope linalobaki lazima linyonywe. Hapa hesabu inageuka: lori la kunyonya halina bomba lililozikwa. Likikuchelewesha, unapigia jingine. Watu binafsi wanaweza kushindana, na bei ikashuka.

Ila mwenye nyumba hulipia tope kuondolewa, halipii linakokwenda. Lori likishatoka getini, shimo liko tupu na fedha iko mfukoni. Mabwawa ya kutibia yakiwa mbali, kila kilomita ni dizeli ya dereva, na korongo liko karibu, usiku, bila mlango wala mlinzi. Kwa hiyo mabwawa na ukaguzi viwe vya umma, na dereva amaliziwe malipo yake pale bwawani, akishamwaga. Wachache wakilikwepa hilo, mvua ya kwanza kutoka kwenye ule ukungu italiosha korongo, iteremke, na huko bondeni kuna mtu ameinamia maji na ndoo ya lita 20.