Usilaze Kazi: Maswali ya Vijana wa Kisangani Kuhusu Kuchukua Hatua Mapema

Vijana wanaotoka Chuo Kikuu cha Kisangani na vyuo vingine vya mji huu wananiletea maswali mengi kuhusu kazi. Haya matano yanahusu jambo moja: kufanya leo kinachoweza kufanyika leo.

Papa, mimi nimemaliza sheria, ninakaa Mangobo. Huku hata ukiwahi, umeme unakatika na mtandao unapotea. Kuwahi kutanisaidia nini?

Mwanangu, mwenye shida hizo ndiye anayehitaji kuwahi kuliko wengine. Mji wetu uko mwisho wa njia ya meli kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700 za mto, na mambo mengi hutufikia yakiwa yamechelewa. Ucheleweshaji huo hauko mikononi mwako. Wa kwako uko mikononi mwako, basi uondoe wote. Anayeanza kuandaa faili siku tangazo linapotoka anaweza kukosa umeme siku mbili na bado akafika. Aliyengoja siku ya mwisho, saa moja ya giza inamtoa.

Tena usingoje tangazo. Diploma, cheti cha kuzaliwa na kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, vitolewe fotokopi na kupigwa picha safi sasa hivi, wakati hakuna anayevidai. Weka nakala kwenye barua pepe yako, na nyingine kwa ndugu unayemwamini. Usisahau pia kwamba saa zetu zinatangulia za Kinshasa kwa saa moja. Ukituma barua saa 2 asubuhi, kule ni saa 1, na mhusika ataikuta anapofungua biro. Vijana wachache mno wanaitumia nafasi hiyo.

Mwalimu, ninaandika kazi yangu ya kumaliza masomo. Ninajua la kufanya, lakini wiki zinapita. Je, mimi ni mvivu?

Sidhani, dada yangu. Mwaka 2007 mtafiti Piers Steel wa Kanada alikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu tabia ya kuahirisha. Yaliyojitokeza kwa nguvu ni kazi inayochukiza, malipo yaliyo mbali, kutojiamini kwamba utaiweza, na kuvutwa upesi na jambo jingine. Kazi ya kumaliza masomo ina hayo yote. Kujitukana hakuondoi hata moja.

Kinachosaidia ni kutaja saa na mahali. Mwaka 1997 watafiti Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter walichapisha jaribio walilofanya Ujerumani: wanafunzi waliombwa waandike jinsi walivyokaa mkesha wa Krismasi, kisha watume maelezo hayo ndani ya siku mbili. Waliotakiwa kwanza kutaja wataandikia wapi na lini, takriban robo tatu walituma kwa wakati. Kati ya wale ambao hawakutakiwa kutaja, ilikuwa kama theluthi moja tu. Nia ilikuwepo pande zote mbili. Kwa hiyo usiseme “wiki hii nitaandika.” Sema: “Nikishuka kwenye pikipiki mbele ya fakulteti, nikishasalimiana na wenzangu, nitakaa maktaba niandike aya moja ya sura ya pili.” Aya moja inatosha kuanzia. Ukishaifungua kazi, woga mwingi unapungua.

Nimepata mafunzo ya kazi kwenye mradi wa misitu. Shefu analalamika kwamba ripoti zangu zinachelewa, wakati porini ninajituma sana.

Angalia kazi ya Yangambi, kama kilomita 100 kutoka hapa, kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1933. Herbaria yake, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ina sampuli za mimea zipatazo 150,000. Kila jani lililohifadhiwa vizuri lilibanwa kwenye karatasi likiwa bado bichi, likakaushwa, likaandikiwa mahali na tarehe lilipochumwa. Katika unyevu wa msitu wetu, sampuli iliyoachwa ndani ya mfuko siku mbili inaoza, na isiyo na maandishi haimfai mtafiti hata ikiwa nzima.

Ripoti yako nayo inaharibika hivyo hivyo. Andika jioni ile ile, hata nusu ukurasa, majina na vipimo vikiwa bado kichwani. Ukingoja wiki utaanza kukisia, na shefu mzoefu hutambua makisio.

Mimi ni muuguzi. Wazee wanasema haraka haraka haina baraka. Hutupeleki kwenye makosa?

Mama, wazee wana haki. Kipimo cha dawa kinasomwa mara mbili, hata mgonjwa akilalamika. Ninachoomba ni kuanza mapema, na anayeanza mapema ndiye anayepata muda wa kuhakikisha. Makosa mengi ya haraka huzaliwa na kazi iliyolazwa hadi dakika ya mwisho.

Itachukua muda gani iwe tabia?

Utafiti wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta wastani wa siku 66, na watu walitofautiana sana: wengine siku 18, wengine walikadiriwa kuhitaji 254. Ukikosa siku moja hujaharibu kitu, endelea kesho yake.

Nawe msomaji, kama kuna mtu anayengoja jibu lako juu ya kazi, mjibu kabla hujageuza ukurasa.