Filta Kavu kwa Gari la Vumbi: Somo kutoka Handeni na Korogwe

Wanachuo wenzangu, kila likizo sisi tunaosoma uhandisi tukirudi nyumbani tunageuzwa mafundi. Mtu hajali kama umesomea madaraja. Akisikia "injinia" anafungua boneti. Kwetu Korogwe swali linalonifuata siku hizi ni moja: zile filta za hewa za kuongeza nguvu, zinazosafishwa na kurudishwa bila kupakwa oili, zinafaa kwa gari linalokwenda Handeni na vijijini? Nimeona niandike jibu hapa, maana wengi wetu tuna mzazi, kaka au shangazi ambaye gari lake ndilo ada yetu.

Aliyeniuliza kwanza ni mjomba wangu. Probox yake inabeba mizigo ya wafanyabiashara wa minadani. Korogwe hadi Handeni mjini hana shida, ni lami, kama kilomita 65. Vumbi linamngoja mbele, akishika njia ya Msomera au akielekea Kiberashi. Na huku kwetu kuna njia za mashamba ya mkonge ya Magunga na Ngombezi, ambako trela moja likikutangulia huoni kitu. "Mjomba," aliniambia, "dukani wanasema hii inaongeza nguvu. Mimi nguvu sina haja nayo sana, nataka injini isinifie." Hapo ndipo somo linapoanzia.

Vumbi linafanya nini ndani

Tupige hesabu kidogo. Injini ya Probox nyingi ni ya lita 1.5. Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko 2. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, ukikanyaga mafuta hadi mwisho, inaweza kuvuta karibu lita 2,250 za hewa kila dakika, yaani mita za ujazo 135 kwa saa. Ukiendesha kwa upole inavuta pungufu ya hapo, lakini bado inameza hewa ya chumba kizima cha hosteli zaidi ya mara moja kwa saa. Na hewa hiyo ina mchanga.

Mchanga mwingi ni kwatsi, madini yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs. Chuma kitupu ni 4 hivi. Chembe za kuogopa si zile kubwa unazozihisi ukisugua vidole. Ni zile ndogo, za mikroni 5 hadi 20 hivi, zinazoingia kati ya ringi na ukuta wa silinda na kusaga kama msasa. Mwisho wake tunaujua: gari linakula oili, linatoa moshi wa bluu, halivuti mlima, halafu mnachangishana ukoo mzima injini ifunguliwe.

Aina tatu

Ya kwanza ni ya karatasi, ile inayokuja na gari. Inachuja vizuri sana, bei yake ni nafuu, lakini haifuliwi. Ikijaa unatupa.

Ya pili ni ya pamba iliyopakwa oili. Kampuni ya K&N iliyoanza California mwaka 1969, ndiyo iliyoipa umaarufu. Oili ndiyo inayonasa vumbi. Tatizo ni mkono wa binadamu. Ukipaka kidogo, vumbi linapita. Ukizidisha, oili inaweza kuvutwa na hewa ikagandia kwenye sensa ya kupima hewa, ambayo kwenye magari mengi ya sasa ni waya mwembamba sana uliokaa mara tu baada ya filta. Waya ukichafuka kompyuta inadanganywa, taa ya injini inawaka, gari linamisi, na unaanza kubadilishiwa plagi ambazo hazina kosa.

Ya tatu ndiyo filta kavu. Imetengenezwa kwa nyuzi za sintetiki, haitaki oili, na mtengenezaji anaeleza namna ya kuisafisha. Mifano ni AEM Dryflow na Pro Dry S ya aFe. Hakuna oili ya kuchafua sensa, na huhitaji kutafuta chupa ya oili maalumu ambayo Handeni si rahisi kuipata. Kwa mtu wa vumbi, faida hiyo ni kubwa kuliko nguvu inayotangazwa kwenye boksi.

Na hiyo nguvu je? Ukweli ni kwamba kwenye gari la kawaida hutaihisi sana. Hata suala la mafuta limeshapimwa: mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge, Marekani, ilionyesha kuwa kwenye magari ya sasa ya petroli yanayoongozwa na kompyuta, hata filta iliyoziba haiongezi ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana, kinachopungua ni mchomoko. Kwa hiyo anayekuuzia filta kwa hoja ya kuokoa petroli, mwache aendelee na maneno yake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa hela

Swali la 1: inazuia asilimia ngapi? Kuna kipimo cha kimataifa, ISO 5011, kinacholisha filta vumbi la maabara na kupima kilichopita. Hapa watu wengi wanateleza. Asilimia 97 na asilimia 99 zinaonekana ni ndugu, lakini wewe hesabu kinachopita: kwenye gramu 100 za vumbi, moja inapitisha gramu 3, nyingine gramu 1. Injini ya kwanza inakula vumbi mara tatu zaidi. Kama boksi na mtengenezaji hawataji namba yoyote, nunua karatasi halisi, inatosha.

Swali la 2: inakaa sawasawa kwenye boksi la asili? Mpira wa pembeni uwe laini na ubane pande zote. Filta ya asilimia 99 yenye upenyo pembeni ni kama mlango wa chuma kwenye nyumba isiyo na ukuta. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Swali la 3: ni ya kuingia kwenye boksi au ni ile ya koni inayokaa wazi? Ya koni iacheni. Inavuta hewa ya moto ya kwenye boneti. Hewa ya nyuzijoto 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzijoto 30, kwa hiyo nguvu unayoifuata unaipoteza palepale, na kwa joto la Korogwe ndiyo usiseme.

Matunzo

Kuisafisha mara nyingi mno si sifa. Filta kavu yenye vumbi kiasi huchuja vizuri kuliko mpya, kwa sababu vumbi la juu nalo linasaidia kunasa. Kinachopungua ni hewa kupita. Kila ukiifungua unaweza kudondosha mchanga upande safi.

Ukiisafisha, fuata karatasi ya maelekezo. Kama inaruhusu maji, ioshe taratibu, iache kivulini mpaka ikauke kabisa ndipo uirudishe. Kompresa ya gereji ndiyo adui mkubwa: presha kali inatoboa matundu usiyoyaona, hasa kwenye karatasi. Ikibidi kupuliza, iwe presha ndogo, kutoka upande safi kwenda upande mchafu.

Nilichomshauri mjomba ndicho ninachokushauri wewe. Kama gari linashinda kwenye lami, baki na karatasi nzuri na ibadilishe kwa wakati. Kama linashinda kwenye vumbi, hesabu karatasi ngapi zinanunuliwa kwa mwaka, linganisha na bei ya filta kavu moja yenye namba ya ISO 5011, kisha uamue.

Likizo hii fanyeni zoezi moja la vitendo. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, fungua boksi la filta, chukua kitambaa cheupe kisafi, futa ndani ya bomba linalotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, bila kugusa sensa. Kikitoka na vumbi, basi filta hiyo haizuii au haijakaa vizuri, hata kama jina lake ni kubwa namna gani. Hapo tafuta upenyo kabla ya kutafuta nguvu.